Karatasi ziliokolewa, mpangilio ukapotea: kisa cha Hifadhi ya Nyaraka ya Köln

Jumanne tarehe 3 Machi 2009, muda mfupi kabla ya saa nane mchana, jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Historia la jiji la Köln, Ujerumani, lilididimia na kuporomokea kwenye shimo lililofunguka chini yake, katika mtaa wa Severinstraße. Wafanyakazi na wasomaji waliokuwa ndani walitoka wazima, kwa sababu mafundi waliokuwa wakijenga reli ya chini ya ardhi mbele ya jengo waliona maji na udongo vikiingia kwa kasi kwenye shimo lao, wakakimbia kuwaonya. Katika nyumba za jirani onyo halikumfikia kila mtu. Vijana wawili, mmoja wa miaka 17 na mwingine wa miaka 24, walikufa chini ya vifusi. Nawataja kwanza kwa sababu yote yatakayofuata hapa yanahusu karatasi, na hakuna karatasi inayolingana na uhai wa mtu.

Kisa hiki husimuliwa kwa ufupi hivi: jengo lilianguka, asilimia 95 ya nyaraka zikaokolewa, jengo jipya likajengwa. Hakuna uongo ndani yake. Hata hivyo, nimekifuatilia kisa hiki kwa miaka, na kila ninapoisoma ile asilimia 95 naona inaficha jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea Köln. Nyaraka nyingi zilitoka kwenye vifusi. Kilichobaki humo ni mpangilio wake, na hicho ndicho kilichogeuza ajali ya dakika chache kuwa kazi ya zaidi ya kizazi kizima.

Kilichokuwa ndani

Rafu za hifadhi hiyo zingepangwa kwa mstari mmoja zingefika kilomita 30 hivi. Hati ya kale kuliko zote ni ya mwaka 922. Kulikuwa na hati zenye mihuri zipatazo 65,000, ramani na michoro zaidi ya laki moja, mabango, picha, na nyaraka binafsi za watu na familia zaidi ya 700. Wingi huu una sababu. Kwa karne nyingi Köln lilijitawala lenyewe na lilikuwa mwanachama wa umoja wa miji ya kibiashara wa Hansa, kwa hiyo baraza lake liliandika na kutunza barua kama dola linavyofanya. Anayetafuta habari za biashara ya kaskazini mwa Ulaya hulazimika kupita Köln, hata kama anayemtafuta ni mfanyabiashara wa mji mwingine kabisa.

Kwangu mimi, hazina kubwa zaidi ilikuwa rejesta za nyumba na viwanja, zinazoitwa Schreinsbücher. Tangu karibu mwaka 1130 parokia za jiji zilianza kuandika kwenye ngozi nani amemuuzia nani nyumba, nani ameweka rehani, nani amerithi. Humo wamo mafundi, wajane, waoka mikate, watu ambao hakuna mwandishi wa enzi zao angepoteza wino kwa ajili yao. Wameingia katika historia kwa sababu moja tu: waliuza sehemu ya nyumba na karani akaandika. Historia ya jiji hujengwa na kumbukumbu za namna hii. Wafalme na maaskofu wana wasimulizi wao tayari.

Kulikuwa pia na maandishi ya Hermann von Weinsberg, diwani aliyeishi kati ya 1518 na 1597, ambaye kwa miongo kadhaa aliandika habari za nyumba yake, ndugu zake, divai yake na mikutano ya baraza. Kulikuwa na nyaraka za Konrad Adenauer kutoka miaka aliyokuwa meya wa Köln, 1917 hadi 1933, kabla hajawa kansela wa Ujerumani Magharibi. Na kulikuwa na nyaraka za mwandishi Heinrich Böll, mzaliwa wa jiji hilo aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Sehemu kubwa ya hizo jiji lilikuwa limezinunua kutoka kwa familia yake wiki chache tu kabla ya jengo kuanguka.

Mkusanyiko huu ulikuwa umevuka Vita vya Pili vya Dunia bila kupotea. Köln lilipigwa mabomu vibaya sana, katikati ya jiji pakabaki magofu, lakini nyaraka zilikuwa zimehamishwa mapema. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji.

Jengo zuri, ardhi mbaya

Jengo lililoanguka lilifunguliwa mwaka 1971 na lilisifiwa sana na wataalamu. Lilikuwa na kuta nene za matofali na madirisha membamba kama nyufa, ili joto na unyevu ndani visibadilike ghafla, bila kutegemea mitambo ya kupoza hewa. Hifadhi nyingine ziliiga mtindo huo, ukajulikana kwa jina la jiji lenyewe: mtindo wa Köln. Waliolibuni walikuwa wamefikiria jua, moto, vumbi na unyevu. Maadui wote hao hutoka nje au hushuka kutoka juu. Adui aliyeliangamiza jengo alitoka chini, na aliletwa na mradi wa jiji lenyewe.

Mradi huo ni njia mpya ya reli ya chini ya ardhi kutoka kaskazini hadi kusini mwa jiji. Mbele ya hifadhi, eneo la Waidmarkt, palihitajika nafasi kubwa ambapo treni zingeweza kubadilisha njia. Ili kuchimba shimo refu karibu na mto Rhine, ambako maji ya ardhini yako juu, huzamishwa kwanza kuta za zege ndani ya ardhi, kipande baada ya kipande, ndipo udongo ulio katikati huchimbwa. Kuta hizo ndizo huzuia maji na mchanga wa pembeni. Mwaka 2005, wakati wa kujenga kipande kimoja, mashine ilikutana na jiwe kubwa. Jiwe halikuondolewa ipasavyo, na mahali palipotakiwa kujaa zege pakabaki udongo. Kasoro hiyo ilikaa gizani kwa takribani miaka minne. Shimo lilipochimbwa hadi kina chake, maji yakapata njia, yakaingia yakikokota mchanga kutoka chini ya msingi wa hifadhi. Jengo likakosa pa kukanyaga.

Mwaka 2010 habari zilijaa hasira kuhusu vyuma vilivyotakiwa kufungwa kwenye kuta hizo na ambavyo havikufungwa, kwa kuwa vingine viliuzwa kama vyuma chakavu. Ulikuwa wizi na ulistahili hasira. Lakini wataalamu hawakuuona kuwa ndio ulioangusha jengo, na nadhani ulilichelewesha jiji kutazama jambo gumu zaidi, yaani ile kasoro iliyozikwa ambayo hakuna aliyeirudia.

Dalili hazikukosekana. Mwaka 2004 mnara wa kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mtaa huohuo, uliinama wakati wa kazi za reli hiyohiyo, ukalazimika kunyanyuliwa kwa mitambo. Mwaka 2008 nyufa zilionekana ndani ya hifadhi. Mhandisi aliitwa, akatazama, na hakuona hatari kwa uimara wa jengo.

Hapa ndipo uchambuzi mwingi huishia kwenye swali la nani alizembea. Mimi naona kosa la kufikiri lililotangulia uzembe. Mhandisi aliulizwa kama jengo litasimama, akajibu kwa kadiri ya alichokiona. Hilo ni swali la wajenzi. Swali la watunza nyaraka ni jingine kabisa: ikiwa kuna uwezekano wa moja kwa mia kwamba hatutaliona tena jengo hili, je, hati ya mwaka 922 iendelee kulala humo wakati shimo linachimbwa mlangoni? Kwa nyumba ya ofisi, moja kwa mia huvumilika. Kwa kitu ambacho kipo kimoja tu duniani, hapana. Wakati wa vita watu wa Köln walilijibu swali hilo bila kusita, wakahamisha. Wakati wa amani ujenzi ulionekana kuwa jambo la kawaida la mjini, na waliokuwa na jukumu la kutunza hawakuwa na sauti katika ratiba ya waliokuwa wakichimba.

Kuokoa kwa kasi, kupanga kwa miaka

Siku zilizofuata zilikuwa za kishujaa, na sisemi hivyo kwa kupamba. Wazima moto walifanya kazi ukingoni mwa shimo ambalo lingeweza kuporomoka zaidi. Paa la muda lilijengwa juu ya vifusi ili mvua isiendelee kulowesha. Watunza nyaraka, wanafunzi na watu wa kujitolea walifika kutoka sehemu nyingi za Ujerumani na nje ya nchi, wakavaa barakoa na kusimama mezani kutwa nzima katika ghala kubwa eneo la Porz, wakipangusa vumbi la zege ukurasa kwa ukurasa.

Zilizolowa hazikuweza kusubiri, kwa sababu karatasi mbichi huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili tatu. Zilifungwa, zikagandishwa, na baadaye zikakaushwa katika mitambo inayotoa hewa, ambamo barafu hugeuka mvuke bila kupita hatua ya maji. Mbinu hiyo huzuia wino usitawanyike na kurasa zisigandamane. Sehemu nyingine ilizama kabisa kwenye maji ya ardhini chini ya vifusi, na kazi ya kuitoa iliendelea hadi mwaka 2011.

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Nyaraka zilitoka kwa mpangilio wa vifusi, wala si wa rafu. Kilichokuwa juu ya rundo kilitoka kwanza. Barua ya baraza la karne ya 15 ingeweza kuingia kwenye boksi moja na jalada la shule la miaka ya 1970, kwa kuwa ndivyo zilivyokutana zikianguka. Kisha maboksi yakapelekwa popote palipokuwa na nafasi. Hifadhi zipatazo 20 katika miji mbalimbali zilikubali kuyapokea. Kitabu kimoja cha kumbukumbu za vikao kingeweza kuwa na nusu yake mji huu na nusu nyingine mji ulio mbali kwa saa kadhaa za safari.

Asiyewahi kufanya kazi ya nyaraka anaweza kuuliza tatizo liko wapi, maadamu karatasi ipo. Chukua jalada moja la ofisi ya ujenzi. Lina ombi la mwenye nyumba, mchoro, barua ya jirani anayelalamika, jibu la ofisi na risiti ya ada. Jibu linasema: “Kuhusu barua yako ya tarehe 4, hatuwezi kuruhusu.” Likiwa ndani ya jalada, linasimulia ugomvi mzima wa mtaa, nani alikuwa na nguvu na nani alinyamazishwa. Likiwa peke yake mezani, ni karatasi yenye saini ya karani. Hatuwezi kuruhusu nini? Barua ya nani? Ndiyo maana watunza nyaraka hawapangi karatasi kwa mada inayowapendeza. Huziacha katika mpangilio ulioachwa na ofisi yenyewe, na kila jalada hupewa namba inayoonyesha lilitoka wapi na linakaa kati ya lipi na lipi. Uzi wa shanga ukikatika, waweza kuokota shanga zote sakafuni na bado usiwe na mkufu.

Kitabu cha maktaba kikiungua, mara nyingi kina nakala mahali pengine, na nakala hiyo hueleweka ikiwa peke yake. Mwaka 2004 Ujerumani ilikuwa imepoteza vitabu vipatavyo 50,000 katika moto wa maktaba ya Duchess Anna Amalia huko Weimar, na kwa miaka iliyofuata baadhi ya vilivyopotea vilipatikana kwa wauzaji wa vitabu vya kale. Jalada la baraza la jiji haliuzwi popote. Limeandikwa mara moja na mtu mmoja kwa shughuli moja.

Basi Köln ilianza kurudisha uzi. Kila kitu kilichotolewa kilipewa namba yake ya uokoaji, kikaelezwa kwa maneno machache, kikaingizwa kwenye kanzidata, kisha kikalinganishwa na orodha za zamani ili kujua kilikuwa sehemu ya nini. Fikiria uzito wa kazi hiyo: mtu yuko mezani katika mji mwingine, ana karatasi isiyo na jalada, isiyo na tarehe, mwandiko wa karne ya 17, na anatakiwa aseme ni ya ofisi ipi kati ya mamia. Vipo pia vipande vidogo vilivyochanika, mamilioni kwa hesabu, ambavyo wafanyakazi wa hifadhi huviita Kölnflocken, yaani “chembe za Köln”. Kwa vipande hivyo inatumika programu ya kompyuta inayolinganisha kingo, rangi ya karatasi na mistari ya maandishi, kisha kupendekeza kipi kinaungana na kipi. Programu hupendekeza tu. Anayethibitisha ni mtu.

Kwa hiyo, asilimia 95 ilikuwa na makundi mengi ndani yake. Zaidi ya theluthi ya vilivyookolewa vilikuwa vimeumia vibaya. Vingine vilikuwa vizima kabisa lakini havijulikani ni vya wapi, na kitu kizima kisichojulikana mahali pake hakiwezi kuletwa mbele ya msomaji anapokiomba. Makadirio ya awali yalisema mafundi 200 wa kukarabati nyaraka wangehitaji miaka 30.

Nakala zilizokuwa mbali

Karibu na Freiburg, kusini mwa nchi, kuna handaki la mgodi wa zamani liitwalo Barbarastollen. Tangu miaka ya 1970 serikali imekuwa ikihifadhi humo filamu ndogo za nyaraka muhimu, ndani ya mapipa ya chuma yaliyofungwa, chini ya ulinzi maalumu wa Mkataba wa Hague wa 1954 kuhusu mali za utamaduni wakati wa vita. Filamu hizo husomeka kwa lenzi na mwanga, bila kompyuta. Nyaraka nyingi za kale za Köln zilikuwa zimepigwa picha na kuwekwa humo.

Mpango huo uliandaliwa kwa ajili ya vita, na mipaka yake ilionekana Köln. Filamu ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi za michoro na mihuri hazimo. Jambo zito zaidi ni kwamba kipaumbele kilikuwa kwa vya kale na vya kiserikali. Nyaraka binafsi za karne ya 20, yaani barua za waandishi, michoro ya wasanifu majengo, kumbukumbu za vyama, kwa sehemu kubwa hazikuwa na nakala. Msiba ulihatarisha zaidi kumbukumbu za babu na bibi kuliko za mababu wa mwaka 1200. Naona hili lingefaa kusomwa na kila anayepanga kazi ya kunakili nyaraka za jiji lolote, kwa kuwa mvuto wa kuanza na kilicho kikongwe ni mkubwa mno, ilhali kikongwe mara nyingi ndicho ambacho tayari kimenakiliwa na wasomi kizazi baada ya kizazi.

Hifadhi ya pili ilikuwa mikononi mwa wasomaji. Siku chache baada ya ajali, watafiti waliohusishwa na Chuo Kikuu cha Bonn walifungua mahali mtandaoni na kuwaomba wote waliowahi kusoma Köln walete fotokopi, picha na maandishi waliyonakili. Waliitikia. Mtu aliyepiga picha kurasa 40 kwa ajili ya tasnifu yake miaka mingi iliyopita sasa alikuwa na ushahidi wa jinsi kurasa hizo zilivyokuwa na zilivyofuatana. Hifadhi zinazowawekea wasomaji masharti magumu ya kupiga picha zingetafakari jambo hilo.

Wakazi wa Köln wa zamani walijua faida ya kuwa na nakala mikononi mwa wengi. Mwaka 1396, vyama vya mafundi na wafanyabiashara vilipoziondoa madarakani familia chache tajiri, waliandika katiba mpya ya jiji, Verbundbrief. Haikuachwa kwenye sanduku la baraza peke yake. Kila kimoja cha vyama 22 vilivyoapa kilipata nakala yake yenye mihuri, ili asitokee wa kuibadilisha au kuipoteza kwa niaba ya wengine.

Wengi husema somo la Köln ni kupiga picha kila kitu na kukiweka mtandaoni. Nakubali nusu. Picha isiyo na namba ya jalada na maelezo ya ilikotoka ni sawa na kile kipande kilichookotwa kwenye vifusi: ipo, inaonekana vizuri, na hakuna anayejua inajibu barua gani. Hifadhi yenye fedha kidogo ikilazimika kuchagua, naipendekezea ikamilishe kwanza orodha zake, iweke nakala za orodha hizo mahali mbali na jengo, ndipo inunue mashine za kuskani.

Fedha, mahakama, na mahali papya

Hasara yote ilikadiriwa kuzidi euro bilioni 1.2. Mwaka 2020 kampuni zilizojenga kwa ubia zilikubaliana na jiji kulipa euro milioni 600. Kesi ya jinai ilianza mwaka 2018, hukumu za kwanza zikabatilishwa na mahakama ya juu mwaka 2021, na mwaka 2024 mashauri yakafungwa bila hukumu ya mwisho ya hatia. Baada ya ajali, mwaka 2011, iliundwa ofisi ya kitaifa ya kuratibu uhifadhi wa maandishi, na vyama vya kusaidiana wakati wa dharura kati ya hifadhi, maktaba na makumbusho vikaongezeka katika miji ya Ujerumani.

Jengo jipya lilifunguliwa Septemba 2021, eneo la Eifelwall. Maboksi yaliyotawanyika yamerudi jijini, na kwa mara ya kwanza tangu 2009 nusu mbili za kitabu kimoja zinaweza kukutanishwa juu ya meza moja. Msomaji akiomba jalada leo, anaweza kuletewa lenyewe, au nakala ya kidijitali, au filamu ya zamani, au akaambiwa kwamba halijafikiwa na mafundi. Kwa makadirio ya awali, jibu hilo la mwisho litaendelea kusikika hadi karibu mwaka 2040.